Siku Arobaini Bila Kutu

Kwa niaba ya Kamati ya Kudumu ya Kukinga Mashine dhidi ya Mvua, Jua, Umande, Kutu na Mengineyo, ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba katika siku zote arobaini za ulinzi wetu, mashine ya kupasua mbao ya ofisi hii haikupata doa jipya hata moja la kutu. Narudia: sifuri. Wanaosema kwamba najisifu kwa sababu mimi ndiye katibu wa kamati ni watu wenye wivu, na wengine wao ni ndugu wa mke wangu. Nitaeleza kila kitu kwa utaratibu, maana mtaani wameshaanza kutia chumvi.

Mashine yenyewe ililetwa asubuhi ya Jumatatu ikiwa imefungwa nyuma ya lori. Ni mashine ya kuhamishika, yaani ina magurudumu mawili na mkono wa kuivutia, ili badala ya kuburuta magogo kuyaleta kwenye mashine, unaivuta mashine kwa trekta mpaka penye magogo. Ina reli mbili za chuma ambazo gogo hulala juu yake, injini ya dizeli, na mkanda mrefu wa chuma wenye meno, ambao ndio msumeno wenyewe. Ilikuja na mikanda mingine kumi ya akiba ndani ya boksi. Rangi yake ilikuwa ya machungwa, inang'aa kiasi kwamba dereva wa ofisi alijitazama humo akachana nywele. Mkurugenzi wetu alisimama mbele yake dakika nzima, mikono kiunoni, kisha akasema neno ambalo nililiandika hapo hapo kwenye daftari: "Isiguswe."

Sababu ilikuwa ya msingi kabisa. Mashine ilikuwa haijazinduliwa. Mali ya umma ambayo haijazinduliwa ni kama haijafika, hata kama unaiona, hata kama umejigonga nayo goti. Ni lazima aje mgeni rasmi kutoka makao makuu, akate utepe, apigiwe makofi na apigwe picha akiwa ameshika mkasi. Basi tukafunga utepe mwekundu kutoka mwanzo wa reli mpaka mwisho, tukaiacha mashine uwanjani nyuma ya ofisi, tukamwandikia mgeni rasmi barua. Alijibu kwamba atakuja wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika aliandika tena kwamba atakuja wiki ijayo.

Hapa lazima nimtaje shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Ni fundi mbao, mama wa makamo mwenye viganja vipana, penseli imechomekwa sikioni hata akienda msibani. Aliajiriwa kuiendesha mashine kwa sababu katika eneo letu lote hakuna mwingine aliyewahi kuiendesha. Alikuwa na barua ya ajira yenye mhuri, alikuwa na buti mpya, na hakuwa na la kufanya. Kila siku aliripoti kazini, akaizunguka mashine mara tatu akiwa ameficha mikono nyuma, kama tulivyomwagiza, akarudi kwake.

Na kazi ilikuwepo, tena ya haraka. Upepo mkali ulikuwa umeezua paa la darasa la kwanza kwenye shule yetu ya msingi, ukaangusha na miti minane mikubwa kwenye uwanja huo huo wa shule. Watoto walisoma juani, wakisogea na kivuli cha ukuta. Mvua ikidondoka, wanarudishwa nyumbani. Mtoto wangu wa mwisho ni mmoja wao. Mwezi ule alikuwa amejifunza herufi nne tu, kwa sababu mawingu yalikuwa mengi. Masika yalikuwa karibu, magogo yameanza kutobolewa na wadudu, na shemeji alikuwa amesimama mbele ya wazazi wote kwenye mkutano wa shule akasema, "Mbao za paa nitazipasua mimi kabla ya masika." Basi mwalimu mkuu akiulizwa habari za paa, alikuwa anasema ulizeni kwa fundi.

Siku ya tano mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi shemeji aliingia ofisini kwangu bila kubisha, akanyoosha kidole hadi puani mwangu.

"Shemeji, nusa."

Nikanusa. "Kitu gani hiki?"

"Kutu. Nimeifuta kwenye reli, chini ya huo utepe wenu. Utepe umelowa, umelala juu ya chuma siku tano. Na mkanda mmeuacha umekazwa vile vile kama ulivyokuja. Mkanda ukikaa umekazwa bila kazi unachoka, siku ukiuwasha unakatika, na ukikatika haumwambii mtu pisha. Nipeni dakika kumi tu. Nilegeze mkanda, nikaushe maji, nipake oili. Hata tambara ninalo mwenyewe."

"Nakuelewa, shemeji. Lakini mashine haijazinduliwa."

"Kutu imeshaizindua," akasema, akatoka.

Sikulichukulia jambo hilo kijuujuu. Nililipeleka kwa Mkurugenzi, na yeye, kwa wepesi ambao wengi hawamjui nao, alichukua hatua siku ile ile: akaunda kamati. Mwenyekiti alikuwa yeye, katibu mimi, wajumbe dereva wa ofisi na dada wa mapokezi. Jina la shemeji lilijadiliwa kwa kina, lakini ikaonekana ana maslahi binafsi, kwa kuwa anataka mashine ifanye kazi.

Kikao cha kwanza kilichukua saa tatu. Saa mbili zilikwenda kwenye swali la kama umande ni aina ya mvua au ni jambo la kujitegemea. Saa iliyobaki tulipitisha maazimio. Mashine ifungwe nailoni kuanzia juu mpaka kwenye magurudumu, juu ya nailoni liwekwe turubai, juu ya turubai ipitishwe kamba mara tisa, kisha utepe mwekundu ufungwe juu ya kamba. Mikanda ya akiba ifungwe nailoni yake na ilazwe sakafuni, chini ya mashine, ili iwe karibu na mwenzao. Na kwa kuwa mali ya ofisi lazima iwe na namba, na kwa kuwa mashine isiguswe, namba ikachorwa kwenye turubai.

Shemeji alitazama kazi hiyo ikifanyika. Nilimwona akipangusa macho kwa ukingo wa kanga, na mimi simjui kwa machozi. Kisha akamwendea Mkurugenzi.

"Mkurugenzi, chuma ukikifunga hivyo kinatoka jasho. Jua likiwaka, maji yaliyo ndani yanapanda, usiku yanashuka pale pale kwenye chuma. Hayana pa kutokea. Liinueni basi turubai kidogo, hewa ipite chini. Na mikanda itundikwe ukutani pakavu, sakafu ya saruji inavuta maji."

Mkurugenzi alimsikiliza kwa upole. "Fundi," akasema, "jasho linatoka kwenye ngozi. Mashine haina ngozi."

Niliandika kwenye kumbukumbu kwamba ufafanuzi wa kitaalamu ulitolewa.

Tukaweka na mlinzi. Alikuwa mstaafu fulani mwenye sharubu, sisi tunamwita Afande, na Mkurugenzi alimpa maagizo kwa maandishi, mstari mmoja: asiingie mtu asiyehusika. Afande aliyakariri, akayabandika ukutani kwenye kibanda chake getini, akaketi chini yake.

Mimi kwa upande wangu nilitengeneza fomu ya ukaguzi wa kila siku. Nasema bila kujisifu kwamba ilikuwa fomu nzuri. Je, mashine imefunikwa? Je, ina kutu? Je, mikanda ya akiba imetimia? Nilikuwa nimeongeza swali la nne, je, mashine iko wapi, lakini Mkurugenzi alilikata kwa kalamu nyekundu.

"Itakuwa wapi, katibu? Ina miguu?"

Ilikuwa na magurudumu, lakini yalikuwa yameshafunikwa.

Chini ya fomu palikuwa na maneno "Nimekagua kwa macho yangu", halafu nafasi ya saini ya Mkurugenzi. Kila asubuhi ya siku ya kazi nilimpelekea fomu, na siku za ulinzi tulizihesabu kwa fomu hizo. Alisogeza pazia la dirisha la ofisi yake, akaona turubai, akarudisha pazia, akatia saini. Mimi nilikuwa nimeshajibu maswali kwa kuangalia kupitia dirisha hilo hilo, upande wangu. Kazi ilienda bila msuguano wowote.

Siku ya tatu ya kamati tulikuwa tena kikaoni, safari hii kuhusu rangi ya kamba. Saa nne hivi trekta liliingia uwanjani likivuta tela, likaanza kunguruma hapo nyuma, mtu akawa anapigapiga mbao, vyuma vinalia. Hatukusikilizana. Mwenyekiti akaagiza dirisha lifungwe ili kikao kiendelee. Lilipofungwa, kikaendelea vizuri sana.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi mchana, nilikuwa nyumbani nakula na familia. Mtoto wangu wa mwisho akaweka kijiko chini.

"Baba, mama mkubwa ana mashine ya rangi ya machungwa. Ikilia hatumsikii mwalimu."

Mama mkubwa ndiye huyo shemeji. Nikamtazama mke wangu. Mke wangu ghafla akawa na vyombo vingi vya kuosha.

"Mama watoto, mtoto anasema nini?"

"Mtoto ni mtoto," akanijibu kutoka jikoni. "Ila kama una wasiwasi, shule si mbali. Vaa viatu uende."

Nilivaa viatu nikaenda. Nilipopinda kona ya ukuta wa shule, nilishika ukuta. Mashine yetu, ile ile, ilikuwa imesimama uwanjani chini ya kibanda cha miti kisicho na kuta, gogo limelala juu ya reli, mbao zimepangwa pembeni na vijiti katikati ya moja na nyingine ili zikauke. Juu ya darasa la kwanza kenchi tatu za kubebea bati zilikuwa zimeshasimama. Shemeji alikuwa amezima injini, anafuta mkanda kwa tambara. Hakushtuka.

"Karibu, shemeji. Angalia usikanyage oili."

"Shemeji, umeiba mali ya ofisi."

"Nimeiba vipi na Afande mwenyewe amenifungulia geti? Amri yake inasema asiingie asiyehusika. Mimi nahusika, nina barua. Kuhusu kutoka, amri haisemi kitu. Akapiga saluti kabisa."

"Na kule nyuma ya ofisi tunalinda nini?"

"Mabanzi," akasema, akimaanisha yale mabapa ya nje ya gogo, yenye magome, ambayo hayafai kwa mbao. "Nilileta tela zima kutoka kwa wapasuaji wa zamani. Nikayapanga kwa urefu ule ule, nikaweka na pipa bovu mahali pa injini. Kufunga nimefunga kama mlivyofunga ninyi, kamba mara tisa. Nilihesabu."

Nikakaa juu ya gogo. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Yeye akaendelea na kazi yake huku ananieleza, kana kwamba nilikuja kujifunza. Jioni kabla hajaondoka anafuta utomvu wote kwenye mkanda, kwa sababu utomvu unashika unyevu na unyevu unaleta kutu. Anaukausha, anaupaka oili nyembamba, anaulegeza ulale. Anamwaga maji yaliyobaki kwenye tangi dogo la kulainishia msumeno. Reli anazipitishia tambara lenye oili. Turubai analo, aliloazima kwa mwalimu mkuu, lakini analitandika juu ya miti, si juu ya mashine, na chini anaacha upenyo. Mikanda ya akiba ilikuwa imetundikwa kwenye stoo ya shule, kila mmoja na kigingi chake, yote inang'aa mafuta. Nilipitisha kidole. Kilitoka na oili tu.

Niliona aibu, nasema kweli. Lakini mimi ni mtumishi wa umma, nina taratibu.

"Jumatatu nitaandika nini kwenye fomu?"

"Fomu inauliza nini?"

"Kama imefunikwa."

"Ikifika jioni, imefunikwa."

"Kama ina kutu."

"Si umepitisha kidole mwenyewe?"

"Kama mikanda imetimia."

"Kumi na ule unaofanya kazi."

Nikapangusa vumbi la mbao kwenye viatu vyangu.

"Haiulizi iko wapi?" akaniuliza.

"Swali hilo lilikatwa."

"Na nani?"

"Na mwenyekiti."

"Mungu amzidishie," akasema shemeji, akawasha injini.

Kuanzia Jumatatu hiyo nilijaza fomu kwa uangalifu zaidi kuliko kawaida. Kila mchana nilipita shuleni, nikakagua, nikaandika ukweli mtupu. Nina hakika kwamba hakuna fomu katika historia ya ofisi yetu zilizowahi kuwa za kweli kama zile, na Mkurugenzi alizisaini zote baada ya kusogeza pazia.

Tatizo lilikuja siku ya ishirini na sita, upepo ulipogeuka ukaleta mlio mpaka ofisini. Mkurugenzi akaniita ndani.

"Kuna mtu anapasua mbao kule shuleni."

"Mlio nami nimeusikia, Mkurugenzi."

"Anapasuaje wakati sisi hatujazindua upasuaji? Andika barua."

"Labda tungeenda kwanza tuione hiyo mashine."

"Ya nini, katibu? Sisi tuna ya kwetu."

Nikaandika alichonisomea. Barua ilikwenda kwa Mpasuaji Asiyejulikana, nakala makao makuu. Ilisema kwamba ofisi inapenda ieleweke wazi kuwa mashine iliyoko shuleni si mali ya ofisi hii, haimo katika orodha ya mali zake, na ofisi haitawajibika kwa namna yoyote kwa mafuta, matengenezo wala uharibifu wake. Mashine halali ya ofisi iko chini ya turubai na inakaguliwa kila siku na Mkurugenzi mwenyewe. Saini, mhuri, mhuri tena. Niliipeleka kwa mkono. Shemeji aliisoma mara mbili, akasaini kwamba ameipokea, akaikunja akaiweka mfukoni mwa aproni yake.

"Ameandika vizuri," akasema. "Nilikuwa sijui kama ana roho hii."

Siku ya arobaini, bila kutuandikia kwamba atakuja wiki ijayo, mgeni rasmi alikuja. Masika yalikuwa yameanza na mto umekata barabara kubwa, kwa hiyo dereva wake alizungukia njia ya shuleni. Alikuwa mama mfupi wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, viatu vina matope. Hakuwa na haraka.

Hotuba ya Mkurugenzi ilikuwa na kurasa kumi na moja. Alieleza historia ya kutu tangu chuma kilipogunduliwa. Alieleza muundo wa kamati. Alionyesha faili la fomu arobaini na kutaja kiwango cha kutu, sifuri, watu wakapiga makofi. Mwisho akapendekeza kwamba, kutokana na hali ya hewa, mashine izinduliwe ikiwa imefunikwa, kwa kuwa kuifunua ni kuihatarisha.

"Tufunue kidogo," akasema mgeni rasmi. "Mvua imekatika."

Akakata utepe. Dereva na Afande wakakata kamba zote tisa, wakavuta turubai, wakachana nailoni. Makofi yalianza, kwa sababu ratiba ilisema yaanze, na yakaendelea, kwa sababu ratiba ilisema yaendelee mpaka mgeni akae. Mbele yetu palikuwa na mabanzi yamepangwa vizuri kweli, uyoga mweupe umeota pembeni, na mwishoni pipa bovu.

Mgeni rasmi hakukaa. Alivaa miwani.

"Mkurugenzi, hii ni nini?"

Mkurugenzi alilizunguka pipa mara moja. "Tumeibiwa, Mheshimiwa," akasema.

"Pole. Lini?"

"Jana. Lazima itakuwa jana."

"Mlinzi, jana aliingia nani?"

Afande akakakamaa. "Hakuna, Mheshimiwa. Amri ni asiingie asiyehusika. Daftari hili hapa."

"Na uyoga huu umeota jana?" Mgeni rasmi aliuchuma mmoja akautazama. "Basi wameiba siku nyingi. Katibu, nipe hilo faili."

Nilimpa. Niliona barua yangu ya kufukuzwa, niliona shemeji akipandishwa gari la polisi na buti zake mpya. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya watu, ametoka shuleni na aproni yake, amekaza uso. Mgeni rasmi alifunua fomu moja moja. Alichukua muda wake.

"Saini hii ni ya nani?"

"Yangu, Mheshimiwa."

"Hapa umeandika umekagua kwa macho yako. Jana umekagua. Juzi. Siku zote arobaini. Sasa nisaidie, mimi ni mgeni. Kama iliibiwa siku nyingi, hizi saini ni za uongo, na hilo nitalipeleka mbele. Kama saini ni za kweli, basi ulichokuwa unakikagua ni hiki hapa. Ni lipi kati ya hayo?"

Mkurugenzi alimtazama dereva, akanitazama mimi, akalitazama pipa. Nilimhurumia, ni bosi wangu wa miaka saba. Kisha akavuta koti lake likae sawa.

"Hatujaibiwa, Mheshimiwa," akasema. "Mashine ni hii."

"Hii?"

"Hii."

"Sawa," akasema mgeni rasmi. Akaniagiza niandike, nikaandika. "Sasa kule shuleni nimepita nikaona darasa limeezekwa kwa mbao mpya. Mvua inanyesha, watoto wako ndani wanaimba herufi. Kuna mashine pale, ya rangi ya machungwa. Hiyo ni ya nani?"

Hapo shemeji alipita katikati ya watu, akatoa barua mfukoni, akampa kwa mikono miwili. Mgeni rasmi aliisoma mpaka chini, kwenye mihuri.

"Mkurugenzi, hii nayo ni saini yako?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi, kwa sauti ambayo tulilazimika kuinamia ili kuisikia.

"Unasema si ya kwenu, na hamhusiki nayo."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Fundi, ina kutu?"

"Haina, Mama."

"Umefanyaje?"

"Nafuta, napaka oili, nalegeza mkanda, naiacha ipate hewa," akasema shemeji. Akafikiri kidogo. "Na inafanya kazi kila siku. Kutu haipati nafasi ya kukaa."

Mgeni rasmi akaomba meza. Uamuzi aliuandika mwenyewe, kwa mkono, hapo hapo, na nakala ninayo. Kwanza, mashine ya ofisi, kama ilivyothibitishwa na Mkurugenzi, iendelee kulindwa, na kwa kuwa hakuna anayeijua kuliko yeye, ulinzi wake uwe chini yake binafsi, bila kukasimiwa kwa mtu mwingine. Pili, ofisi haiwezi kudai kitu ambacho imeandika kwamba haijakipoteza. Mashine iliyoko shuleni isajiliwe kwa jina la ushirika wa mafundi mbao, chini ya fundi anayeiendesha. Tatu, Kamati ivunjwe, ila katibu abaki kutunza kumbukumbu. Akakabidhi kalamu, akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Shemeji alibaki amesimama pale pale na karatasi yake. Alinishika bega akalitikisa, na macho yake yalikuwa yamejaa tena, lakini safari hii alicheka.

Siku hizi ushirika una oda mpaka mwezi wa tisa. Mashine imeshakwenda kwenye zahanati, imekwenda kwa wajane wawili waliobomokewa nyumba, na sasa inapasua mbao za madawati. Mimi nimehamishiwa kwenye meza ndogo, sina kinyongo.

Juzi mvua ilikuwa kubwa na upepo umefunua kona moja ya turubai nyuma ya ofisi. Nilimwona Mkurugenzi akitoka mwenyewe, suti imelowa, anahangaika na kamba kwenye mabanzi. Mzee mmoja mwenye mwavuli, ambaye kumbe alikuwa anatafuta mbao za mlango, akasimama nje ya uzio.

"Samahani, ndugu yangu. Nimeambiwa hapa kuna mashine ya mbao."

"Ipo," akasema Mkurugenzi.

"Inapasua?"

"Haipasui."

"Mbovu?"

Mkurugenzi alikaza kamba kwanza. "Si mbovu."

"Sasa inafanya kazi gani?"

"Inalindwa."

Mzee akatafakari jibu hilo chini ya mwavuli wake. Akauliza njia ya kwenda shuleni, Mkurugenzi akamwonyesha kwa kidole. Alipopiga hatua chache mzee akageuka, akamtazama yule bwana aliyelowa chapachapa, akamhurumia.

"Haya, ndugu yangu," akasema. "Pole na kazi."